Sentensi Tano Juu ya Mtu Aliye Hai



Tarehe 26 Mei 2005, katika mji wa Nashville, jimbo la Tennessee nchini Marekani, mtu mmoja aliyekuwa kazini alifungua Wikipedia, ile kamusi elezo ya mtandaoni ambayo kila mtu anaweza kuiandika, na akaanzisha humo ukurasa mpya. Ukurasa huo ulikuwa na sentensi tano tu. Ulimhusu mwandishi wa habari mzee wa mji uleule, John Seigenthaler, ambaye alikuwa hai, mwenye afya, akikaribia kutimiza miaka 78. Sentensi ya kwanza ilisema kwamba mwanzoni mwa miaka ya 1960 alikuwa msaidizi wa Robert Kennedy, Mwanasheria Mkuu wa Marekani. Ya pili ilisema kwamba kwa muda mfupi alidhaniwa kuhusika moja kwa moja katika mauaji ya Rais John Kennedy na ya Robert, mdogo wake rais. Ya tatu ilisema kwamba hakuna lililowahi kuthibitishwa. Ya nne ilidai kwamba mwaka 1971 alihamia Muungano wa Kisovyeti na kurudi mwaka 1984. Ya tano ilidai kwamba baada ya hapo alianzisha kampuni kubwa ya mambo ya uhusiano wa umma.

Katika hizo tano, iliyo kweli ni ile ya kwanza peke yake. Tunazirudia hapa kwa kuwa Seigenthaler mwenyewe aliamua kuzitangaza gazetini ili watu wazione zilivyo. Kama asingefanya hivyo, tusingekuwa na haki ya kuziandika mara ya pili.

Tumeichagua habari hii kwa sababu vijana wengi wa parokia zetu wameanza kuandika mtandaoni juu ya watu wanaowaheshimu, na mara nyingi watu hao ni waandishi wa habari: sauti tunazozisikia redioni asubuhi, watu wanaotuhoji wakati wa uchaguzi, wanaokwenda vijijini baada ya mapigano. Ni kazi njema. Lakini yafaa kujua namna ilivyoharibika siku moja, na namna wale walioiharibu walivyojifunza.

Kwanza, huyo mzee alikuwa nani? Hapa ndipo uchungu wa habari unapoonekana, kwa kuwa maisha yake hayakukosa ushahidi. Alizaliwa Nashville mwaka 1927, katika familia ya Kikatoliki, akaingia katika gazeti la The Tennessean mwaka 1949. Mwaka 1954 gazeti lilimtuma kwenye daraja la mji, ambako mtu mmoja alikuwa amepanda ukingo akitaka kujitupa mtoni. Kijana Seigenthaler alipanda pia, akaketi, akazungumza naye kwa dakika nyingi, na mtu yule alipotaka kujiachia akamkamata kwa nguo, polisi wakasaidia kumvuta. Kuna picha, na kuna gazeti la siku ile.

Mwaka 1961 alikwenda Washington kufanya kazi na Robert Kennedy. Mwezi wa Mei mwaka huo, vijana weusi na weupe walikuwa wakisafiri pamoja kwa mabasi katika majimbo ya kusini ili kupinga ubaguzi katika vituo vya usafiri. Seigenthaler alitumwa Alabama kama mjumbe wa serikali ili kuomba wasafiri hao walindwe. Tarehe 20 Mei, katika mji wa Montgomery, umati uliwavamia walipokuwa wakishuka kwenye basi. Alipomwona msichana mmoja akipigwa, alisimamisha gari lake na kujaribu kumwingiza ndani; mtu mmoja akampiga kichwani kwa bomba la chuma, naye akalala chini amezirai kwa karibu nusu saa. Mwaka uliofuata alirudi Nashville kuwa mhariri mkuu wa The Tennessean akiwa na miaka 34. Robert Kennedy alipouawa mwaka 1968, alikuwa miongoni mwa waliolibeba jeneza lake. Mwaka 1982, gazeti la USA Today lilipoanzishwa, ndiye aliyekuwa mkurugenzi wake wa kwanza wa maoni.

Ebu sasa tuziweke zile sentensi tano kando ya maisha hayo. Mtu aliyelibeba jeneza la rafiki yake anaambiwa alidhaniwa kumuua. Mtu aliyeongoza gazeti la kila siku Nashville anaambiwa aliishi katika Muungano wa Kisovyeti miaka 13. Kuliona kosa hili hakukuhitaji uchunguzi mkubwa: yeyote aliyechukua nakala moja ya The Tennessean ya miaka ya 1970 na kusoma jina la mhariri wake angejua mara moja. Hakuna aliyechukua. Lakini kuna jambo tunaloliona kuwa zito zaidi. Tarehe 29 Mei, siku tatu baada ya ukurasa kuanzishwa, mmoja wa wahariri wa kujitolea wa Wikipedia aliupitia. Aliona neno moja la Kiingereza limekosewa herufi, neno lenye maana ya "mwanzoni", akalisahihisha, akaendelea na safari yake. Tuhuma ya mauaji ya watu wawili aliiacha pale pale, safi, bila kosa la tahajia.

Hatumdharau mhariri huyo. Sisi sote tuna macho ya namna hiyo. Jicho hukimbilia kosa la herufi kwa sababu huonekana bila kuuliza mtu yeyote. Uongo uliopangwa vizuri hauonekani mpaka umeuliza swali: umelipata wapi?

Tena tuitazame sentensi ya tatu, ile isemayo kwamba hakuna lililothibitishwa. Kwa nje ina sura ya haki. Inaonekana kama mwandishi mwenye kiasi, asiyetaka kumhukumu mtu. Lakini ndiyo yenye sumu kuliko zote. Bila hiyo, msomaji angeshtuka na kusema: huu ni uongo, tungalisikia. Ikiwapo, msomaji anatulia, anadhani kwamba kulikuwa na uchunguzi, kulikuwa na watu wazito waliokaa mezani wakalitafuta jambo hilo, na kwamba ushahidi tu ndio uliopungua. Sentensi inayojifanya kumtetea mtu ndiyo inayomfunga. Nasi tuna methali inayosaidia kazi hiyo mbaya: lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Katika maisha ya kijiji huenda methali hiyo ina busara yake, humwonya mtu asipuuze dalili. Mikononi mwa anayeandika wasifu wa mtu aliye hai ni kisu. Humwezesha kuandika "inasemekana" na kulala usingizi.

Ukurasa ule ulikaa siku 132. Mwezi wa Septemba rafiki mmoja wa Seigenthaler aliuona na kumwarifu. Mwanawe, ambaye naye alikuwa mwandishi wa habari katika televisheni, alimjulisha kwamba maneno yaleyale yalikuwa yamenakiliwa katika tovuti nyingine mbili, ambako yalidumu wiki tatu zaidi baada ya kufutwa Wikipedia. Mzee alimpigia simu Jimmy Wales, mwanzilishi wa Wikipedia, akamwuliza kama kulikuwa na njia ya kumjua aliyeandika. Haikuwako. Kampuni ya intaneti ambayo mwandishi yule aliitumia haikuwa tayari kutaja jina la mteja bila amri ya mahakama. Na sheria ya Marekani ya mwaka 1996 iliwakinga wenye tovuti wasishtakiwe kwa maneno yaliyoandikwa na wengine. Basi mzee alifanya alichokijua tangu ujana wake: aliandika. Makala yake ilitoka katika USA Today tarehe 29 Novemba 2005. Ndani yake alikumbuka mafundisho ya mama yake alipokuwa mtoto. Mama alimwonyesha mto wa kulalia uliojaa manyoya, akamweleza kwamba ukipasuliwa manyoya hutawanyika kila upande na hayawezi kurudishwa yote. Ndivyo yalivyo maneno mabaya juu ya watu. Wengi wetu tumeisikia habari ya namna hiyo ikisimuliwa juu ya Mtakatifu Filipo Neri na mama mmoja msengenyaji aliyepewa malipizi ya kunyonyoa kuku njiani. Huenda mama wa Nashville aliipata kanisani.

Hapa inatupasa kurudi nyuma, kwa kuwa wengi wanaosimulia habari hii huanzia mwaka 2005, kana kwamba ni intaneti iliyozaa ubaya. Seigenthaler alikwisha kupata wasifu wa uongo karibu miaka 30 kabla, nao haukuandikwa na mtu wa mzaha. Uliandikwa na serikali.

Mwaka 1976 aligundua kwamba mmoja wa wafanyakazi wa gazeti lake alikuwa akitoa habari kwa FBI, polisi ya upelelezi ya Marekani, akamwachisha kazi. Baada ya hapo ofisa mmoja wa polisi hiyo alimdokezea mhariri wa gazeti jingine kwamba Seigenthaler naye si mtu safi. Seigenthaler akadai aonyeshwe faili lake. Alihangaika karibu mwaka mzima. Aliahidi hadharani kwamba chochote atakachopewa atakichapisha. Mwishowe alipewa kurasa zilizofutwafutwa, na katikati yake ilikuwamo tuhuma ya aibu juu ya mwenendo wake, iliyoelezwa kwamba mtoa habari aliipata kwa mtu mwingine asiyetajwa jina. Alitimiza ahadi yake. Aliichapisha katika gazeti lake mwenyewe na kutamka kwamba ni uongo. Mwanasheria Mkuu aliomba radhi, na tuhuma ikaondolewa katika faili.

Yafaa tukae kidogo juu ya maneno hayo: mtoa habari aliyepata kwa mtu asiyetajwa. Hiyo si kazi ya kijana mbele ya kompyuta. Ni karatasi rasmi, ya ofisi yenye mihuri na mishahara. Kumbe muhuri hauugeuzi uvumi kuwa ushahidi. Aliyeandika faili hakujua, aliyemwambia hakujua, wa tatu, ambaye pengine alijua au pengine alibuni, hana jina wala uso. Kila aliyelipokea neno aliliongezea uzito kidogo kwa kulipitisha tu. Na mtu anayesemwa hakuulizwa hata mara moja. Msomaji akiliweka faili la mwaka 1976 kando ya ukurasa wa mwaka 2005 ataona mkono uleule, ingawa ofisi moja ilikuwa na silaha na nyingine ilikuwa na mzaha.

Mzaha ndio uliokuwa. Mtu mmoja wa Texas aliyekuwa akiichunguza Wikipedia alifuata namba za mtandao mpaka akafika kwenye kampuni moja ya Nashville inayopeleka mizigo. Tarehe 9 Desemba 2005 mfanyakazi wa kampuni hiyo alikwenda mwenyewe na barua mkononi kumwomba Seigenthaler msamaha. Alieleza kwamba alitaka kumtania mwenzake wa kazini, na kwamba aliidhani Wikipedia kuwa tovuti ya vichekesho. Jina lake lilitangazwa dunia nzima. Sisi hatuoni sababu ya kulitangaza tena. Aliacha kazi. Seigenthaler hakumshtaki, tena alimwomba mwajiri wake amrudishe. Wala hakutaka serikali iwafunge watu mdomo: mwaka 1991 alikuwa ameanzisha katika Chuo Kikuu cha Vanderbilt kituo cha kutetea uhuru wa kusema na wa magazeti, na aliogopa kwamba mambo kama hayo yangewapa watawala kisingizio.

Mwezi huohuo wa Desemba Wikipedia ya Kiingereza iliweka kizuizi: asiyejiandikisha hawezi tena kuanzisha ukurasa mpya. Ikatungwa pia kanuni ya pekee juu ya wasifu wa watu walio hai. Kiini chake chaweza kuelezwa kwa maneno machache: neno lenye ubishi juu ya mtu aliye hai, lisilo na chanzo au lenye chanzo dhaifu, liondolewe mara moja, bila kungoja mjadala, na mwenye kutaka lirudi ndiye mwenye wajibu wa kuleta ushahidi. Kabla ya hapo desturi ilikuwa kinyume. Uliacha neno, ukaweka alama kwamba chanzo kinahitajika, ukangoja mwenye kujua apite. Kwa historia ya mto au ya ndege wa porini desturi hiyo haina madhara makubwa. Mto hauna watoto wanaosoma shule. Mwaka 2010 wakaongeza ukali: wasifu mpya wa mtu aliye hai usio na chanzo hata kimoja hufutwa baada ya siku chache.

Lakini kanuni haikumaliza majaribu, nayo hayakuja kwa wajinga tu. Desemba ileile ya 2005 ilijulikana kwamba Wales mwenyewe alikuwa akirekebisha ukurasa unaomhusu yeye, pamoja na mahali palipomtaja Larry Sanger kama mwanzilishi mwenzake. Alikiri kwamba si jambo la kufaa. Mwaka 2011 mwandishi wa habari wa Uingereza, Johann Hari wa gazeti la The Independent, alikiri katika gazeti lake kwamba kwa jina la bandia alikuwa amehariri kurasa za Wikipedia, akijipamba mwenyewe na kuwapaka matope watu aliokuwa amegombana nao. Aliomba radhi na kurudisha Tuzo ya Orwell aliyopewa mwaka 2008. Majina ya waliopakwa matope hatuyataji, wala hatusemi waliitwa nini, maana hilo ni kuyarusha manyoya tena. Na juu ya Hari, ambaye yu hai, tumeandika lile tu alilolikiri mwenyewe mbele ya wasomaji wake, pamoja na toba yake. Kuliandika kosa na kuificha toba nako ni kudanganya.

Katika mfano huo aliyefanya kosa ni mtu wa kalamu, aliyejua vizuri kazi ya chanzo. Hakukosa elimu. Alikosa kujitenga na ugomvi wake. Kwa hiyo tunapowauliza vijana wanaotaka kuandika juu ya mtangazaji fulani, swali letu la kwanza halihusu vitabu walivyosoma. Tunauliza: je, unampenda mno? Je, alikuudhi? Mwenye jibu la ndiyo kwa mojawapo anaweza bado kukusanya habari na kumpa mwingine, kuandika, aache.

Kuna mtego mwingine unaofanana na kioo. Mwishoni mwa Machi 2009 alifariki Maurice Jarre, Mfaransa mtunzi wa muziki wa sinema. Mwanafunzi mmoja wa Dublin aliingiza katika ukurasa wake wa Wikipedia maneno matamu ya kubuni juu ya muziki na kifo, kana kwamba Jarre ndiye aliyeyasema. Wahariri wa Wikipedia waliyaondoa, kwa sababu hayakuwa na chanzo. Lakini waandishi wa magazeti, mmojawapo The Guardian la Uingereza, walikuwa wamekwisha kuyanakili katika taarifa za kifo, na uongo ule ulikaa humo mpaka mwanafunzi mwenyewe, kama mwezi mmoja baadaye, alipoandika kuwajulisha. Fikirini mtu anayekuja baada yao akiandika wasifu wa Jarre. Analikuta neno katika gazeti la heshima, analiweka na kutaja gazeti kama chanzo. Sasa neno lina chanzo, na chanzo chenyewe kilichota kwenye kisima kilekile. Vyanzo viwili vikisema jambo moja kwa maneno yaleyale, tuulize kwanza ni kipi kilichotangulia.

Sasa tuje kwetu. Wikipedia ya Kiswahili ipo tangu mwaka 2003, na kurasa nyingi juu ya watu wa Kongo bado hazijaandikwa, au zimeandikwa na watu wa mbali. Vijana wetu wanaweza kuziandika. Lakini hapa kwetu jambo lina uzito ambao Nashville haikuwa nao. Bukavu inawakumbuka Serge Maheshe, aliyepigwa risasi tarehe 13 Juni 2007, na Didace Namujimbo, aliyepigwa risasi tarehe 21 Novemba 2008. Wote wawili walikuwa wa Redio Okapi. Hatusemi kwamba waliuawa kwa sababu ya jambo lililoandikwa mtandaoni. Hatuna haki ya kusema hivyo. Tunasema tu kwamba katika nchi ambamo mwandishi wa habari anaweza kufa jioni akirudi nyumbani, kumwandika kwamba "anasemekana kuwa karibu na" kundi fulani la silaha, au chama fulani, au kabila fulani, si kosa la uandishi tu. Seigenthaler aliudhika, akaandika makala, akaendelea kuishi. Mwenzetu wa Kivu au wa Ituri huenda asipate siku ya kuandika makala yake.

Pia vyanzo vyetu ni vya namna nyingine. Seigenthaler alikuwa na magazeti ya miaka 50 yaliyohifadhiwa kwenye maktaba. Waandishi wetu wengi ni watu wa redio, na sauti ikishapita hewani mara nyingi haiachi karatasi. Kijana anayetaka kuandika juu ya mtangazaji aliyemsikiliza miaka 15 anagundua kwamba yote anayoyajua ameyasikia tu: alizaliwa wapi, alisoma kwa nani, alitishwa na nani. Anashawishika kuandika kwa kumbukumbu. Au anamwendea mtangazaji mwenyewe, naye anampa habari zake zilizopambwa vizuri. Maelezo ya mtu juu ya nafsi yake yanafaa kwa mambo madogo yasiyo na ubishi, kama vile mwaka wa kuzaliwa au chuo alichosoma, mradi yawe yametangazwa mahali ambapo msomaji mwingine anaweza kuyaona. Hayatoshi kwa sifa kubwa, wala kwa tuhuma dhidi ya mtu wa tatu. Tukiwa na mistari minne yenye ushahidi, tuandike mistari minne. Ukurasa mfupi haumwaibishi mtu.

Tusije tukadhani pia kwamba haki ni kusifu. Kama mwandishi wa habari alihukumiwa na mahakama, au gazeti lake lilimwachisha kazi kwa kunakili kazi ya mwingine, na jambo hilo limetangazwa na vyombo kadhaa vya kuaminika visivyonakiliana, lina nafasi yake katika wasifu, kwa kipimo chake. Si haki kosa la wiki moja lijaze nusu ya ukurasa wa mtu aliyefanya kazi miaka 30. Kama alikata rufani akashinda, hilo nalo lisikose. Lakini yapo mambo ambayo hata yakiwa ya kweli, hata yakiwa na chanzo, hayana kazi pale: mtaa anaoishi, shule ya watoto wake, ugonjwa wake, ugomvi wa nyumbani ambao haukugusa kazi yake. Katekisimu ya Kanisa, katika namba 2477, haikomei kwenye masingizio, yaani uongo unaoharibu jina la mtu. Inahesabu kuwa kosa pia kuyafunua makosa ya kweli ya mtu kwa wasioyajua, pasipo sababu ya haki. Wahariri wa Wikipedia hawakuisoma hiyo walipotunga kanuni yao, lakini wamefika karibu na mahali palepale.

Na ikiwa tumekosea? Seigenthaler alilalamika hasa juu ya jambo moja, kwamba hakuna aliyekuwa wa kumwendea. Anayeandika juu ya mtu aliye hai ajue mapema kwamba mtu huyo atasoma, au mke wake, au mwanawe, kama ilivyokuwa Nashville. Akileta lalamiko, hata kwa hasira, hata kwa lugha mbaya, neno lenye ubishi liondolewe kwanza, kisha litazamwe. Hasara ya kukosa sentensi moja kwa siku tatu ni ndogo.

Seigenthaler alifariki tarehe 11 Julai 2014, akiwa na miaka 86. Miezi michache kabla, mji wa Nashville ulikuwa umelipa jina lake daraja lile ambapo alimkamata mtu kwa nguo mwaka 1954. Siku hizi ni daraja la watu wa miguu. Ukurasa wake katika Wikipedia ya Kiingereza sasa ni mrefu, na karibu kila aya ina namba ndogo inayompeleka msomaji kwenye gazeti au kitabu. Zile sentensi tano zimeondolewa humo. Hata hivyo zina ukurasa wao wenyewe, unaoeleza jinsi zilivyoandikwa, siku kwa siku, na mtu akilitafuta jina la mzee huyo, ukurasa huo hauko mbali.